Nyumba ya Baraza, Nyumba ya Masika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaonijia na karatasi za viwanja mkononi, wengi wao baada ya maji kuwaingilia ndani. Kazi yangu ni kuchora nyumba, na nimelelewa Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, kwenye nyumba yenye baraza mbele na ua nyuma. Majibu ni ya Unguja na Pemba. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam atafaidi baadhi yake, lakini ardhi yetu ina tabia zake.

Nyumba ya kuhimili mafuriko naielewa. Baraza inahusu nini hapo?

Inahusu sana. Pita Mji Mkongwe siku ya mvua kubwa ya Aprili. Vichochoro vinageuka mitaro, na watu wanapita juu ya baraza, kutoka nyumba hii hadi ile, miguu mikavu. Kile kiti cha mawe kilichoshikana na ukuta ni njia ya watu wakati wa mvua, na pia ni ngao ya msingi: maji yanayoruka kutoka chini hupiga baraza kabla ya kufika ukutani.

Mvua ikikatika, pale pale muuza kahawa anapita na dele lake, watu wanacheza bao au dhumna, watoto wanarudi kutoka chuo cha Kurani wakiamkia kila aliyeketi. Mtu anayekaa barazani kila jioni huona mapema kwamba mtaro umejaa mchanga, kwamba maji ya juu yameanza kufuata njia mpya, kwamba bibi wa nyumba ya tatu hajafungua mlango tangu asubuhi. Siku ya mafuriko, watu wa kwanza kukufikia ni hao.

Kwa hiyo ninapochora, kuinua nyumba, kuyapa maji njia na kuwapa majirani mahali pa kukaa nakuhesabu kuwa kazi moja, kwa bei moja.

Nimepata kiwanja bondeni, bei nafuu. Nijenge au niache?

Nenda ukakitazame katikati ya Masika. Watu wengi huoneshwa kiwanja Januari, ardhi imekauka, upepo wa Kaskazi unavuma, kila kitu kizuri. Unguja hupata karibu milimita 1,600 za mvua kwa mwaka na Pemba karibu 1,900, na sehemu kubwa hushuka kati ya Machi na Mei. Hiyo ndiyo miezi ya kununulia kiwanja.

Kisha uliza jina la mahali. Darajani paliitwa hivyo kwa kuwa palikuwa na daraja: mkono wa bahari uliutenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo, na mpaka leo upande wa Mnazi Mmoja ni wa chini. Ziwa Maboga limebeba ziwa ndani ya jina. Wanaopita njia ya Fuoni wanaikumbuka Kibonde Mzungu, na jina linasema kibonde. Wazee walipoyapa maeneo majina walikuwa wameshayaona maji.

Tofautisha pia mahali maji yanapopita na mahali yanapotuama. Kwenye mkondo wenyewe usijenge, hata ukipewa bure. Maji yanayokimbia huchimba msingi usiku mmoja, na ukifanikiwa kuyazuia utakuwa umeyasukumia kwa mwenzako. Mahali yanapopanda polepole na kushuka baada ya saa chache panaweza kukalika, ukifuata yaliyo hapa chini.

Msingi niuinue kiasi gani?

Tafuta alama. Kwenye kuta za majirani pana mstari wa tope, na anayekaa hapo miaka mingi atakuonesha kwa mkono maji yalipofika. Chukua alama ya juu kabisa unayoipata, kisha weka sakafu yako angalau sentimita 30 juu yake. Huo ndio utaratibu wangu. Mtaa wenye mtaro mbovu naongeza.

Baraza inasaidia kuupanda urefu huo bila nyumba kuonekana kama bohari. Kimo cha kukalia ni kama sentimita 45. Ikiwa sakafu inatakiwa iwe sentimita 90 juu ya ardhi, baraza inakuwa nusu ya njia: unapanda barazani, unapumzika, unaingia ndani. Upana usipungue sentimita 60, na mtu anayetaka kutandika mkeka au kupitisha watu mvua ikinyesha aweke zaidi. Uso wa baraza uinamie nje kidogo ili maji yasirudi ukutani.

Usimsahau mzee na mwenye kiti cha magurudumu. Njia ya mteremko inayofaa hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kupanda sentimita 60 kunataka mita 7.2. Ni ndefu, kweli, lakini ukiilaza sambamba na baraza, mbele ya nyumba, haili kiwanja. Watoto wataigeuza uwanja wa michezo, waache.

Kwa nini nisijaze kifusi kiwanja kizima?

Hili nalijibu kwa uchungu. Moja ya nyumba zangu za mwanzo niliichora hivyo: malori ya kifusi, kiwanja kizima kikainuka, nyumba ikakaa juu kama meza. Masika iliyofuata ndani palikuwa pakavu. Nyumba mbili za nyuma yake, ambazo hazikuwa zikipata maji kabla, zilijaa mpaka magotini. Maji hufuata mkondo, na mimi nilikuwa nimeuziba. Tulirudi kuchimba mtaro upande mmoja wa kiwanja, na mwenye nyumba ikambidi akawaombe radhi majirani kwa kosa la mchoro wangu.

Jaza chini ya nyumba na baraza tu. Kifusi cha mawe kipangwe kwa matabaka ya kama sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa, la sivyo sakafu itazama na kupasuka. Sehemu iliyobaki iache chini, iwe na majani, migomba na changarawe, ili maji yapate pa kunywewa. Anayemwaga zege uani kote anajitengenezea bwawa.

Fundi ananiambia nianze na ukuta wa kuzunguka kiwanja. Ni sawa?

Ningekuomba usianze nao, na kama unaweza, uuache kabisa upande wa mbele. Maji yakisimama kwa kimo cha mita 1 upande mmoja wa ukuta, kila mita ya urefu wa ukuta huo inasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 500 hivi. Ukuta wa tofali moja usio na nguzo hauchukui mzigo huo. Unaanguka, tena unaanguka na maji yote nyuma yake kwa mara moja, juu ya mtoto au kuku au chochote kilichoko.

Ukuta mrefu pia unaua mtaa. Nimeona njia nzima ambazo jioni huoni mtu, kuta na mageti ya chuma tu, na mwizi anafanya kazi yake kwa raha kwa kuwa hakuna jicho nje. Ukihitaji mpaka, panda ua wa miti. Ikibidi kuta, ziwe fupi kwa mbele, na chini ziachwe matundu ya kupitisha maji, yenye vyuma vya kuzuia takataka.

Sisi ni watu wa stara. Kukaa nje kwa wanawake kutakuwaje?

Nyumba zetu zilijibu hili zamani. Mbele ni baraza ya wapita njia, ambayo mara nyingi ni ya wanaume. Nyuma ni uani, na uani ni baraza kamili: hapo ukili unasukwa, hina inapakwa, mchele unapetwa, habari zote za mtaa zinapita. Kinachokosekana kwenye ramani nyingi za siku hizi ni mlango wa uani kwa uani. Zamani mwanamke aliweza kupita nyuma kwenda kwa shoga yake bila kutokeza barabarani. Rudisheni kilango hicho. Siku ya mafuriko ni njia ya pili ya kutokea, na naiona muhimu kuliko sebule kubwa.

Uani nako kuwe na kibaraza chini ya upenu, kimo kile kile cha mbele. Mlango wa mbele usitazamane na wa nyuma moja kwa moja. Panga ukumbi kwa pembe, upepo utapita lakini macho hayatapita.

Nijengee mawe na chokaa, au matofali ya saruji?

Inategemea mahali na mfuko wako. Mawe ya matumbawe ya nchi kavu kwa chokaa hupitisha unyevu: ukuta unalowa, kisha unapumua na kukauka. Ndiyo sababu ukuta wa zamani uliopigwa plasta ya saruji huanza kumenyuka. Unyevu umefungiwa ndani, chumvi inasukuma plasta kutoka nyuma. Kama nyumba yako ni ya mawe, itengeneze kwa chokaa na uipake chokaa. Kila mwaka ukipaka, ukuta unashukuru.

Chokaa ina gharama yake pia. Huchomwa kwa magogo mengi, na miti yetu si ya kuchezea. Kwa nyumba mpya huwa nashauri mawe kwa msingi na baraza, yakiwemo ya majengo yaliyoanguka, na matofali kwa kuta za juu. Matumbawe hai ya baharini yasiguswe.

Tahadhari moja: mchanga wa pwani usiingie kwenye zege lenye nondo. Chumvi yake hula chuma, nondo inavimba kwa kutu, zege linapasuka. Mchanga halali ni ghali na unahitaji kibali kuchimbwa, kwa hiyo kishawishi kipo. Simama mwenyewe gari likishusha, onja kidogo kwa ulimi.

Kati ya msingi na ukuta laza karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia unyevu usipande. Ni kitu cha bei ndogo na mafundi wengi hukiruka.

Sisi tuko Pemba, nyumba yetu ni ya fito na udongo. Ina maana haifai?

Inafaa. Nyumba ya kukandika ni baridi, vifaa vyake viko karibu, na inajengwa na kurekebishwa kwa mikono ya watu wa pale pale. Udhaifu wake uko chini: udongo ukikaa ndani ya maji unalegea kama uji, na ukuta unakaa chini wote.

Basi uinue udongo kutoka ardhini. Jenga msingi wa mawe mpaka magotini, toa baraza ya mawe kuuzunguka, kisha anza fito juu yake. Paa litoke nje vya kutosha, lifunike baraza nzima, mvua ya kupiga pembeni isifike ukutani. Pemba ina vilima na mabonde kila mahali, kwa hiyo maji yanakuja na kasi: juu ya nyumba, upande wa mlima, chimba mtaro wa kuyakata na kuyapeleka pembeni. Mtaro huo una faida kuliko mifuko kumi ya saruji. Na usikate mikoko ya ufukweni kwa ajili ya fito zisizo na kibali, kwani ndiyo inayolipunguza nguvu wimbi.

Paa je?

Upenu mpana kwanza, mita 1 hivi au zaidi, ndio unaofanya baraza ikalike jua na mvua. Lakini upenu mpana unashikwa na upepo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita karibu, upande wa Mafia. Boriti za paa zifungwe kwa vyuma kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, misumari peke yake haitoshi, na nguzo za baraza zishikwe chini na juu.

Kisha maji ya paa. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 50, ni lita 5,000. Ukipoteza hata sehemu moja ya tano umebaki na 4,000, na hizo ni lita 4,000 ambazo hazikwenda kumwagika kwa jirani. Weka gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, na tangi lenye kifuniko na wavu wa kuzuia mbu. Mvua ya mwanzo iache ipite, inasafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya tangi yatafulia, yatamwagilia, yatatumika chooni. Ya kunywa yachemshwe.

Tangi likiwa karibu na baraza, na bomba lake likatazama nje, utaona watu wanavyokusanyika. Misikiti ya zamani iliweka birika karibu na mlango, na mahali pa kutawadha pakawa mahali pa kuamkiana.

Karo la maji ya choo na kisima vikae wapi?

Mbali. Umbali unaotumika sana ni mita 30 kati ya karo na kisima, na kwenye viwanja vya mjini hiyo ni ndoto kwa wengi. Kwetu shida ni kubwa zaidi, kwa sababu maeneo mengi, hasa mashariki ya Unguja, yako juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa. Maji machafu hayachujwi na udongo, yanashuka kwenye ufa na kutokeza kisimani. Maji yetu ya kunywa yanatoka ardhini. Hatuna mto mkubwa wa kutuokoa.

Karo lijengwe kwa zege lisilovuja, mfuniko uwe juu ya alama ya mafuriko na ufungwe sawasawa, na maji yake yaende kwenye eneo la migomba badala ya shimo refu. Majirani wawili au watatu wakijenga karo moja kubwa lililo mahali salama ni bora kuliko matatu madogo mabovu. Nimeliona hilo likifanikiwa pale tu watu walipokuwa wanaongea tangu kabla. Baada ya mafuriko chukulia kila kisima kimechafuka mpaka kitiwe dawa, na chemsha.

Umeme, sakafu na milango?

Soketi na mita ziwe juu, usawa wa kifua. Sakafu iwe ya kuoshwa, na vyumba vyote viinamie mlango kidogo. Kabati za jikoni zisiwe za mbao za kubandikwa, zinavimba siku moja. Milango ya mbao nzito hukauka na kurudi, ile iliyo tupu ndani hairudi.

Nyumba yangu iko karibu na pwani. Mvua ikinyesha maji hayashuki kabisa. Kwa nini?

Tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari yetu hupanda na kushuka kama mita 4. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mdomo wa mtaro uko chini ya bahari, na maji ya mtaa hayana pa kutokea mpaka bahari ipwe. Mtaro mpana zaidi hautaondoa hilo. Kinachosaidia ni mahali pa kuyahifadhi kwa saa chache: uwanja wa wazi ulioachwa chini, bustani, kiwanja cha mpira cha watoto. Uwanja huo wa mtaa mkiuona unataka kugeuzwa maduka, nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lenu, pamoja, mapema.

Tunakaa fletini, baraza tutaipata wapi?

Chini ya ngazi na kwenye kivuli kati ya majengo. Fleti za Michenzani, zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ziliwapandisha watu juu, lakini watu wakashuka na viti vyao. Pandeni mkungu au mwarobaini, jengeni kiti cha mawe kuuzunguka, na muweke changarawe chini ili pasituame maji.

Nyumba yangu iko Mji Mkongwe. Naweza kuongeza baraza au kuinua mlango?

Omba kibali kwanza kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kila badiliko la mbele ya nyumba linahesabika. Kwingineko pia omba kibali cha ujenzi, na sheha wako ndiye mlango wa kwanza.

Nyumba ninayo tayari, pesa sina. Nianze na nini Masika hii?

Zibua mtaro ulio mbele yako, na mita kumi za kila upande, hata kama si zako. Weka gata upande mmoja wa paa, ule unaomwaga mlangoni, na pipa chini yake. Pandisha nyaraka na dawa kwenye rafu ya juu. Halafu tafuta mawe, hata ya kuokota, na ujenge baraza fupi mbele ya mlango, sentimita 45 kwenda juu, ya kutosha watu wanne. Mfungie fundi kazi hiyo Februari, kabla mvua hazijaanza, na umwombe jirani wa kushoto ajenge ya kwake ikutane na yako.